Kiota cha Tano

Nilikwenda Ufipa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na ni afadhali niliseme mapema kabla sijaanza kuisifia nchi ya watu. Majirani zangu hapa Morogoro waliponiona nikifunga mkoba walidhani nimepata semina. Waliposikia ni Sumbawanga wakaanza utani wao wa waganga na radi, wakaniuliza kama nimeaga vizuri. Niliwaacha wacheke, maana sikuwa na ujasiri wa kuwaeleza kwamba mtu mzima wa miaka hamsini na moja naitwa na mwalimu mstaafu kwenda kusahihishwa.

Kazi yangu ni kuchora vitabu vya shule na chati za kutundika darasani. Miaka ishirini na miwili iliyopita nilichora chati ya nondo wa hariri: yai, kiwavi, pupa ndani ya kifuko chake, na nondo mwenyewe, wote wamelizunguka jani la mforosadi kwa mishale minne. Sikuwa nimewahi kumwona nondo wa hariri hata siku moja. Nilinakili kutoka kitabu cha nchi za mbali, nikakabidhi kazi, nikasahau. Mwezi wa tano mwaka huu mhariri wangu akanipa barua iliyoandikwa kwa mkono, kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani ambao herufi zake zimesimama kama askari.

Iliandikwa hivi: “Mchoraji, salamu. Miaka sita ya mwisho ya kazi yangu nilifundisha kwa chati yako. Mforosadi hapa kwetu hatuna. Mdudu uliyemchora hatuna. Lakini nyuma ya darasa la tano palikuwa na mti wa mwiza, na juu yake mfuko wa hariri mkubwa kuliko kichwa cha mtoto. Watoto waliniuliza mle ndani mna nini. Wakawa wanaangalia chati, wanaangalia mti, nami sina la kuwajibu. Sasa nina miaka sabini na sita. Nakuomba uje umchore mdudu wetu wakati bado nipo.” Chini akaweka jina, Mwalimu Gaudensia, kijiji chake karibu na Kate, wilaya ya Nkasi, na namba ya simu.

Niliona aibu, nayo haikuwa ndogo. Bahati nzuri chati hiyo ilikuwa imepangwa kuchapishwa upya. Mhariri alikubali kunisubiri mpaka mwisho wa Novemba, na akasema wazi kwamba haongezi hata siku moja. Nikichelewa, nondo wangu wa kunakili angerudi kwenye kuta za madarasa kwa miaka mingine ishirini. Na nondo wa Mwalimu Gaudensia hutoka mara moja tu kwa mwaka, mvua za kwanza zinapoanza. Nafasi ilikuwa moja.

Nilimpigia simu. “Usiwe na wasiwasi, mwanangu,” aliniambia. “Viota, ile mifuko ya hariri, vipo vitano. Nitavitunza mpaka uje.” Nikashukuru, nikakata. Sikumuuliza atavitunza vipi, na hilo nalo lilikuwa kosa langu.

Jumatatu moja ya Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Mbeya. Njia hiyo naijua, kwa hiyo sitawachosha. Mikumi tuliona twiga wawili na nyani wengi, kwenye kona za mlima Kitonga abiria wote walinyamaza kama walioambizana, na Makambako nilikula mahindi ya kuchoma ambayo yalikuwa magumu kuliko meno yangu. Mbeya tulifika usiku umeingia. Nililala vibaya kwa sababu ya mbu mmoja, mmoja tu, ambaye aliifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa.

Jumanne, saa moja asubuhi, tuliondoka kuelekea Tunduma. Pale mpakani malori yamejipanga kwa kilomita nyingi yakingoja kuvuka kwenda Zambia, na madereva wamekaa chini ya matela wakicheza bao. Basi letu likaachana nao, likashika njia ya Sumbawanga. Kuanzia hapo nchi ikaanza kubadilika. Sisi wa Morogoro tumezoea mlima kutusimamia mgongoni. Huku hakuna kinachokusimamia. Ni nyasi, vilima vya mviringo, ng’ombe wachache, na upepo unaokuja moja kwa moja bila kuzuiwa na kitu.

Mashambani watu walikuwa wakipasua vichuguu vya udongo vilivyopangwa safu kwa safu. Nilimwuliza mama aliyekaa karibu nami, mwenyeji wa Laela, kama ni mchwa.

“Mchwa wapi, baba,” akasema huku akicheka. “Hayo ni matuta yetu. Masika tunafukia majani mle ndani, yanaoza yenyewe. Mvua ikija tunayapasua, tunapanda ulezi.”

“Na mbolea ya dukani?”

“Mwenye nayo anaweka. Asiye nayo ana majani.” Akafungua kitambaa alichokishika tangu Tunduma, akanionyesha mbegu za ulezi, nyekundu, ndogo sana, zinanuka moshi. “Hizi zimekaa juu ya jiko tangu tulipovuna. Mdudu hagusi.”

Nikazisifia, nikaziandika kwenye daftari langu, kisha nikasinzia. Nilikuwa nimeonyeshwa jambo lenyewe na sikuliona.

Sumbawanga tulifika saa tisa alasiri. Nilikuwa na shati moja jepesi, na ule upepo ulinifundisha adabu kabla sijafika nje ya stendi. Mama Lishe mmoja aliniwekea ugali wa ulezi na mgebuka wa kukaanga, samaki mrefu wa Ziwa Tanganyika ambaye nyama yake haitaki haraka. Aliponiona natetemeka akavua kitenge kilichokuwa mabegani mwake, akanifunika bila hata kuniuliza jina. Nilipomaliza kula nikataka kumrudishia. “Nenda nacho,” akasema. “Ukirudi utapita hapa.” Nilikaa na kitenge hicho siku sita nzima, na nilikirudisha.

Jumatano, saa tano asubuhi, gari la abiria liliniacha Kate, na kutoka hapo nikachukua bodaboda. Kijana aliyeniendesha aliutazama mkoba wangu wenye karatasi ndefu zilizokunjwa. “Mambo? Wewe ndiye yule mchoraji?” akauliza. Nikakubali. “Poa sana, mshikaji, panda. Mwalimu ametangaza kijiji kizima. Ametufundisha sote, na baba yangu pia.” Tukapita njia nyekundu kati ya mashamba yaliyokwisha pasuliwa matuta, vumbi likitufuata. Ardhi ilikuwa kavu kabisa. Mawingu yalikuwepo, ila yalikuwa yakipita tu, kama wageni wasiotaka kukaribishwa.

Mwalimu Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga safi, fimbo mkononi. Ni mwembamba, mrefu, na miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na penseli?”

“Nimekuja nazo, Mwalimu.”

“Basi karibu. Nilidhani utatuma mtu.”

Anaishi na mke wa mwanawe, Restituta, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Mumewe Restituta anafanya kazi ya boti kule Kirando, huja mara moja kwa mwezi na kifurushi cha samaki wakavu. Restituta alinipa maji ya kunawa, togwa, na kigoda karibu na mlango wa jiko. Mwalimu akaketi mbele yangu, akaanza kunisimulia mdudu wake kama aliyekuwa akilingoja somo hili tangu astaafu, na kwa kweli alikuwa akilingoja.

Nondo jike, alisema, hutaga mayai kwenye majani ya mwiza na kuyafunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe. Viwavi wakitoka hawatawanyiki. Wanakula pamoja, wanalala pamoja, na wakihama tawi wanakwenda kwa mstari, wa nyuma amemgusa wa mbele. “Watoto wangu waliwaita darasa la kwanza,” alisema. Wakishiba wanashuka, wanachagua tawi, wanafuma mfuko mmoja wa hariri ya kahawia wa kuwatosha wote. Ndani ya mfuko huo kila mmoja anajifumia kifuko chake kidogo, anakuwa pupa, analala kiangazi chote. Lakini aliyeugusa mfuko atajuta, kwa sababu viwavi wameacha nywele zao humo na zinawasha kama upupu.

“Na wanatokaje?” niliuliza. Hilo ndilo lililonileta. Kila mmoja hutoboa pa kwake, au wote wana mlango mmoja?

“Hapo sijui,” alisema, na nikaona jibu hilo lilimgharimu. “Hutoka jua likizama, na mimi saa hizo nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari. Miaka thelathini na minane. Asubuhi nakuta mfuko una tundu na nondo hawapo. Ndiyo maana nimekuita, tukaone wote.”

Kisha akainuka kwa furaha, akaingia jikoni, akanyoosha fimbo juu. “Nimevitunza,” alisema.

Juu ya mafiga palikuwa na kichanja cha miti, cheusi kwa masizi. Palikuwa na mafungu ya ulezi yaliyofungwa vizuri, mahindi ya mbegu yenye maganda yake, na kati yake viota vinne vya kahawia, kila kimoja kimetandikiwa majani makavu kwa heshima. Moto ulikuwa unawaka chini yake.

Nilimwomba Restituta anishushie kimoja. Alikishusha kwa kitambaa. Nilipokipokea kilikuwa chepesi mno. Nikakitikisa kidogo, kikalia kama kibuyu chenye mbegu kavu. Nikakitikisa tena, kama ambaye akitikisa vizuri zaidi atasikia kitu kingine.

“Vipi?” akauliza Mwalimu.

“Vizuri, Mwalimu. Vimefumwa vizuri sana.”

“Sijakuuliza vilivyofumwa. Nimekuuliza vipi.”

Akanitazama juu ya miwani, na nikawa mtoto wa darasa la tano. “Sema,” akasema. “Mwalimu haogopi majibu.”

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba pupa ni mdudu aliye hai, kwamba anahitaji hewa na ubaridi na unyevu kidogo, kwamba moshi na joto la miezi sita vimewakausha wote. Nilisema polepole, nikitafuta neno la kupunguza uzito, sikulipata. Akarudi kwenye kigoda chake, akaketi.

“Moto wa nyika,” alisema. “Mwezi wa nane watu wanachoma majani, moto unapanda mpaka kijitoni, kwenye mwiza wenye viota. Niliogopa vitaungua. Nikaviweka mahali tunapoweka vitu tusivyotaka kupoteza.” Akatazama juu kwenye kichanja. “Mbegu ya ulezi nimeiweka hapo maisha yangu yote. Haijawahi kunikatalia kuota.”

Nikamwambia kosa ni langu, kwamba nilipaswa kumweleza kwenye simu. Nilimwona anavua miwani, anafuta, anaivaa, anavua tena. Nimeona watu wazima wakilia, lakini kumwona mtu akijizuia kulia kwa ajili ya wadudu waliokufa ni jambo jingine, na sioni aibu kusema kwamba mimi sikujizuia vizuri kama yeye.

Ndipo Restituta, aliyekuwa ameinama akichochea moto, akasema bila kugeuka, “Mama, nina neno.”

“Sema.”

“Uliponituma mwezi wa tano nikachukue viota, uliniambia vyote vitano. Nilichukua vinne. Cha tano kipo.”

Kwa Wafipa, kama kwa wengi wetu, mkwe hambishii mama mkwe, na akitumwa kitu haleti pungufu. Restituta alikuwa amekaa na siri hiyo miezi sita, akivipangusa masizi vile vinne kila Jumamosi.

“Uliniambia kimoja kimeanguka,” alisema Mwalimu.

“Nilikudanganya, Mama. Sikuona vizuri kuuacha mti mtupu. Hata shambani masuke ya pembeni tunawaachia ndege. Nikauzungushia mti kinga, nikafyeka majani chini yake ili moto usifike.”

Mimi niliangalia miguu yangu. Kisha Mwalimu Gaudensia akasema, “Ahsante, mama,” kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeshukuru kwa maji. Restituta akaweka kuni nyingine motoni.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, tulishuka kijitoni sote watatu, polepole, kwa sababu ya magoti ya Mwalimu. Mwiza ni mti wa kivuli, shina lake lina miiba butu, na matunda yake meusi watoto huyala mpaka ndimi ziwe nyeusi. Kiota kilikuwa kwenye tawi la usawa wa kichwa changu, kimelikumbatia, rangi ya mkate uliokolea. Nilikigusa kwa kidole kimoja, kwa adabu. Kilikuwa na uzito. Nikasogeza sikio karibu, sikusikia kitu, na nikafurahi kutosikia.

Kufikia saa nne mkono wangu ulikuwa umevimba na shingo pia, maana nilikuwa nimejikuna kwa mkono uleule uliogusa. Mwalimu alinitazama nikijikuna. “Nilikuambia au sikukuambia?” Restituta akaniosha kwa maji ya baridi na sabuni nyingi, akanipaka mafuta ya kupikia, nikanuka maandazi siku nzima.

Mchana huo Mwalimu akaniambia nipasue kimoja cha vile vinne. Nilisita. “Wamekwisha kufa,” alisema, “basi wafundishe.” Nikafunga kitambaa puani, nikakata kwa wembe kutoka juu hadi chini. Ningekuwa na kiota kilicho hai nisingethubutu kamwe kufanya hivyo, na nisingejua hata leo kilivyo ndani. Tabaka la nje ni laini na limejaa nywele. La kati ni zito. La ndani ni gumu na linang’aa, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ndani yake vifuko vimepangwa kwa kubanana, kimoja juu ya kingine, kama karanga guniani, kila kimoja na pupa wake mkavu. Nilichora mpaka macho yakauma. Mwalimu alishika kioo cha kukuzia, akahesabu matabaka kwa sauti, akanisahihisha mara mbili. Restituta alikuwa akitupitia kila baada ya muda, anatazama kidogo, anakwenda.

Ijumaa tulishuka kijitoni saa kumi jioni, tukakaa mpaka giza. Hakuna kilichotokea. Mvua hakuna.

Jumamosi vivyo hivyo. Nilianza kuhesabu siku kama mgonjwa. Jumatatu lazima niondoke, vinginevyo nisingefika na mchoro kabla ya siku ya mhariri. Nilinuna, naungama. Nililalamikia upepo, nikalalamikia kigoda, nikauliza kama mvua ya huku huwa inakuja kwa barua. Mwalimu akanijibu kwamba kwa miaka thelathini na minane amengoja watoto wajue kusoma, na hakuna aliyewahi kujua kusoma kwa kununiwa. Saa tatu usiku, nikiwa kitandani, nikasikia tone la kwanza kwenye bati, kisha la pili, kisha bati lote likawa sauti moja. Chumba cha pili Mwalimu alikohoa, akasema “Haya,” peke yake.

Jumapili tulikwenda misa asubuhi, matope mpaka kwenye vifundo. Nilimshukuru Mungu kwa mvua hiyo kama mwenye shamba. Saa kumi jioni tukateremka. Njia ilikuwa inateleza vibaya, Restituta akamshika mama mkwe wake kiunoni upande mmoja na mimi upande wa pili, na mara mbili tuliketi matopeni sote bila kukusudia. Hakuna aliyesema turudi.

Saa kumi na mbili kasoro, mwisho wa chini wa kiota ukaanza kulowa kutoka ndani, doa dogo, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Nywele za hariri zikasogea. Kikatokea kichwa kidogo chenye manyoya meupe, kikangoja, kikajisukuma. Nondo wa kwanza akatoka amekunjamana, akapanda juu ya kiota, akaning’inia. Kwenye tundu lilelile akatokea wa pili. Kisha wa tatu, kwa lilelile. Mlango ulikuwa mmoja. Walitoka kwa zamu, na aliyetangulia akasogea kumpisha aliyemfuata, mpaka kiota chote kikafunikwa na mabawa yanayokunjuka, rangi ya maziwa, na mistari ya kahawia imepita juu yake.

Nilikuwa nachora na machozi yananiharibia karatasi. “Mmoja,” alisema Mwalimu Gaudensia. “Ni mlango mmoja.” Alikuwa ameegemea fimbo, amesogeza uso karibu kabisa, na manyoya yakimwasha hakujali. “Huyo hapo ni jike, tazama mwisho wa tumbo, tazama kile kichaka cha nywele. Ndilo blanketi la mayai. Mchore huyo.” Nikamchora. “Hawali kitu hawa,” akaongeza. “Hawana kinywa cha kulia. Wanaishi siku chache tu, wanataga, basi.”

Giza liliposhika wakaanza kuruka, mmoja mmoja, wakipotea juu ya mwiza. Restituta alisimama nyuma yetu. Nikamgeukia nikamwambia, mbele ya mama mkwe wake, kwamba asingevunja amri nisingekuwa na chati. Akaangalia pembeni. “Mimi nilikuwa nawaonea huruma tu, kaka,” alisema.

Jumatatu, kabla bodaboda haijafika, niliutandaza mchoro mezani. Mwiza na miiba yake. Mayai chini ya blanketi. Viwavi kwenye mstari. Kiota kilichopasuliwa, na kiota kilicho hai chenye mlango mmoja. Mwalimu aliukagua kwa dakika nyingi, kidole kikitembea. Kikasimama kwenye pembe ya chini ya kulia.

“Hapa patupu. Andika.”

“Niandike nini, Mwalimu?”

“Andika kwamba kiota kina wadudu walio hai, kisitundikwe juu ya moto.”

Nilikataa. Nikamwambia hilo halina haja, hakuna atakayelifanya. Ukweli ni kwamba sikutaka kosa lake liende mashuleni.

“Mimi nimelifanya,” alisema, “na nilikuwa mwalimu wa sayansi. Kila nyumba hapa ina kichanja. Mtoto akiipenda hariri hii ataipeleka wapi, kama si mahali anapomwona mama yake akiweka mbegu? Niliua wadudu wa viota vinne kwa kuwapenda. Andika, mwanangu, usinionee haya.”

Nikaandika, kwa herufi ndogo. Akasema niziongeze ukubwa.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, ila mashamba yalikuwa yamelowa na watu wamejaa humo wakipanda. Sumbawanga nilirudisha kitenge, nikala mgebuka mwingine. Nilifika Morogoro Jumatano, na kazi ikafika kwa mhariri ikiwa imebaki siku moja. Akaipenda. Akataka kuondoa maandishi ya pembe ya chini ili kuokoa nafasi, na mimi, ambaye kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kumbishia mhariri, nikambishia mpaka akaacha. Nilijifunza mengi Ufipa kuhusu nondo, lakini nadhani hilo nililibeba kutoka kwa Restituta.

Chati ilipotoka nilituma nakala mbili Kate, moja ya shule na moja ya nyumbani. Wiki mbili baadaye Restituta alinipigia simu. Nilimwuliza kama imefika salama.

“Imefika, kaka. Mama ameitundika ukutani, ameisoma yote kwa sauti.”

“Amesemaje?”

“Hajasema kitu. Ila alianzia kusoma kule chini.”